Kuhusu Gurudumu la Kulia la Mbele

Mpendwa Tata, baba yangu,

Kabla sijaandika lolote nakuomba kitu kimoja: maneno haya yabaki kwako, yote mpaka la mwisho. Mama huja kaburini kwako kila asubuhi kung'oa majani kabla ya kwenda misa, nasi tukiwa jikoni tunamsikia akikusimulia habari za nyumba. Akija kesho msikilize kama kawaida yako, lakini hili usimfikishie kwa njia yoyote, hata ndotoni. Kaka Deo naye asijue. Naomba tu kesho mama awepo wa kuja. Ndiyo maana mwandiko wangu umeharibika hivi, mwandiko uliokuwa ukiwaonyesha wageni.

Gari lako limetoka leo asubuhi kwenda Muleba. Deo anaendesha, mama amekaa kando yake. Wamekwenda kumchukua dada Adela hospitalini. Amejifungua kwa upasuaji, mtoto wa kiume, na wamemruhusu aje kulelewa hapa Kashozi. Wakati wa kurudi watakuwa wanne garini, na mmoja wao bado hajapewa jina. Na mimi, Tata, sina hakika kama gurudumu la kulia la mbele nililifunga sawasawa.

Unakumbuka siku tuliyotoka Rubafu na magunia ya kahawa nyuma? Ulizima redio katikati ya wimbo, mama akalalamika, ukasema, "Nyamazeni kidogo, gari linaongea." Ukateremsha vioo vyote, ukaniambia nifumbe macho. Nikasikia mvumo chini ya sakafu, kama nyuki kwenye mzinga uliofunikwa blanketi. Ukaongeza mwendo, mvumo ukapanda. Ukatoa gia, gari likawa linajiendea lenyewe, mvumo ukabaki palepale. "Basi si injini," ulisema. Tulipokata kona ya kushoto mvumo ukawa mkali, tulipokata ya kulia ukafifia.

"Upande gani?" uliniuliza.

"Kushoto," nikasema, kwa sababu huko ndiko tulikokata.

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Hapa tulipokata kushoto, wewe umeangukia wapi?"

Nilikuwa nimekuangukia begani. "Kwako."

"Na gari limeangukia hukohuko. Ni kulia."

Tulipofika nyumbani ulinishikisha kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa kiganja, nikauondoa mkono haraka kwa jinsi kilivyokuwa cha moto. Ulipiga jeki, ukashika tairi juu na chini, ukalitikisa, likacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Halafu ukaweka mkono wangu juu ya springi na kulizungusha gurudumu taratibu. Nilihisi mkwaruzo ukipanda kwenye chuma mpaka kiwikoni mwangu. "Hiyo ndiyo beringi iliyokufa," ulisema. "Ukishaihisi mara moja hutaisahau." Kweli sijaisahau. Wiki iliyopita nilikuwa na Deo tukienda mjini kazini, nikausikia ule mvumo. Deo akasema ni matairi. Nikamwomba azime redio, naye akanitazama kama vile umeketi mahali pangu.

Fundi wetu wa mjini alikuwa amekwenda kwao kuzika. Hospitali nayo ilikuwa imekwisha kusema tukamchukue Adela. Nilimwambia mama tutafute gari jingine, akakataa. Mjukuu wa kwanza wa Tata ataletwa na gari la Tata, alisema, na alikuwa amekwisha kuwatangazia wenzake wote wa kwaya. Basi nikasema nitabadili beringi mwenyewe. Hakuna aliyeshangaa. Nadhani waliona ni kama koti lako la kazi: lilibaki, na mimi ndiye linayemtosha.

Nilifanya kila kitu ulivyonionyesha nilipokuwa nakushikia tochi. Nilibadili za magurudumu yote mawili ya mbele, nikianza na la kushoto. Nilitoa beringi za zamani nikaziosha kwa mafuta ya taa nizikague. Chuma chake kilikuwa kimegeuka buluu kama shingo ya njiwa, na grisi ya ndani imekuwa nyeupe kwa maji. Nilitoa bakuli zake, zile pete za chuma ambamo beringi hukaa, kwa kugonga huku na huku, zisikwame upande. Nilijaza grisi mpya kiganjani, nikawa naikandamizia beringi mpya mpaka grisi ikatokeza upande wa pili. Nikaweka sili mpya ya kuzuia maji. Nikakaza nati ya kwanza huku nikizungusha gurudumu ili beringi zikae, nikailegeza, nikaikaza tena kidogo tu, mpaka gurudumu likazunguka bila kucheza na bila kubanwa. Nikaweka washa mpya, ile nyembamba yenye ndimi pembeni, nikafunga nati ya pili juu yake. Kisha patasi na nyundo: ulimi mmoja nikaukunja juu ya nati ya ndani, mwingine juu ya nati ya nje, zishikane zisije zikajifungua zenyewe barabarani. Na nikasema kwa sauti, "Nimekunja."

Hilo nalo ulinifundisha wewe, kwa sababu ya ugonjwa wangu. Tangu nikiwa darasa la pili nilikuwa narudi kuangalia kama nimefunga mlango wa kuku, halafu narudi tena. Wengine walinicheka. Wewe ulisema, "Ukimaliza kitu, kitaje. Macho yako huyaamini, basi yaachie masikio." Mpaka leo, kule masijala ninakofanya kazi, nafunga kabati la mafaili huku nanong'ona, "Nimefunga." Wenzangu wananiita Mama Novena, kana kwamba nasali. Siwajali, maana nikishasema naweza kwenda nyumbani nikalala.

Tata, la kushoto najisikia nikisema. La kulia silisikii.

Kuna jambo moja ambalo watu wa hapa hawakukusamehe mpaka unazikwa. Ukiwa kwenye nati, ulikuwa hujibu salamu. Hata angekuja mkubwa gani, wewe uliinua kiwiko tu bila kugeuka, ukaendelea. Mama alikuwa anatoka mbio na kigoda kukuombea radhi. Namkumbuka Ta Petro, binamu yako mkubwa, amesimama na fimbo yake, "Mtu gani huyu anasalimiwa na wakubwa zake halafu anawapa makalio?" Ulimaliza kazi yako, ukanawa, ukavaa shati safi, ukamfuata mpaka kwake, ukamsalimia kama inavyotakiwa na kutafuna naye kahawa mpaka jua likazama. Ila hukuwahi kuomba msamaha. Nilikuuliza kwa nini. Nilikuwa naona aibu. Shuleni walisema baba yangu ana maringo. Ulinijibu bila hasira, "Nikiachia pale sitajua nilipofikia. Na gari hili sitalipanda peke yangu."

Jana mchana nilikuwa kwenye gurudumu la kulia. Nati ya pili ilikuwa imeshaingia. Hapo ndipo niliposikia, "Hodi. Huyu ni marehemu amefufuka, au ni karani wetu?"

Alikuwa Ta Petro. Nilikuwa nimevaa koti lako.

Nilifanya kile ambacho binti yeyote aliyelelewa hapa angefanya. Nilikwenda, nikapiga magoti kwenye majani yenye maji, nikampa kifundo cha mkono kwa kuwa viganja vilikuwa na grisi. "Wasibota, mwanangu," akasema, na salamu zikaendelea kama unavyozijua: habari za Adela, habari za mtoto, za mama, za kazi ya mjini, mvua imeangusha migomba mingapi kibanjani. Nikamletea kigoda. Akafungua kifurushi chake cha jani la mgomba akanipa kahawa ya kutafuna, nikaitafuna nikiwa nimepiga magoti tena.

"Afadhali wewe una adabu," akaniambia. "Kwa baba yako hapa ningeonyeshwa kiwiko."

Tukacheka wote wawili. Nilifurahi, Tata. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilifurahi kwamba nimekushinda kitu kimoja.

Alipoondoka nilirudi garini. Nakumbuka kifuniko cha kitovu. Nakumbuka nilikigonga kwa nyundo mpaka kikakaa. Nakumbuka kufunga tairi na kushusha jeki. Nikitafuta kati ya Ta Petro na kile kifuniko, masikioni mwangu nasikia sauti yake tu, na kicheko changu.

Leo walipokwisha kuondoka nilivaa koti lako nikakate ndizi za kuwapikia, maana mvua ilikuwa inanyesha. Nilitia mkono mfukoni nikakuta patasi. Nimekaa nayo hapa mezani. Ina grisi kwenye mpini na haina grisi kwenye ncha, lakini huenda niliifuta. Mimi ni mtu wa kufuta vitu. Huenda niliitumia nikairudisha mfukoni bila kufikiri. Huenda huu ni ule ugonjwa wangu tu wa mlango wa kuku, na gurudumu limekaa imara, na mimi nimekaa hapa nalia mbele ya ndizi ambazo hazijamenywa. Ningejua ni ugonjwa ningeuvumilia. Lakini tangu unifundishe kutaja, sijawahi kuwa na hofu ambayo sikuweza kuijibu. Hii sina cha kuijibu.

Nimempigia Deo. Simu yake imezimwa, kwa sababu wewe ulituapisha wote kwamba anayeendesha hashiki simu, na Deo tangu ufe hakuvunja hata agizo lako moja. Nimempigia mama, simu ikaita chumbani kwake, chini ya mto. Ya Adela haipatikani tangu juzi. Nimempigia mume wake mpaka vidole vikachoka, hakupokea. Nikaja kukaa hapa kukuandikia kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwambia. Ningemwambia jirani, angepiga yowe, na yowe likifika kwa mama kabla yake mwenyewe hajafika ...

Nimeacha kuandika hapo juu kwa sababu simu imeita. Ni shemeji, mume wa Adela. Alikuwa wodini, simu ameiacha kwenye pikipiki ya rafiki yake. Anasema walifika salama na wameshaanza kurudi, ameagana nao sasa hivi. Nikamwuliza gari lilikuwaje.

"Liko zima kabisa," akasema. "Deo anasema usukani unatetemeka kidogo, lakini ni barabara."

Nikasema, "Shemeji, nisikilize. Wafuate, wasimame, wasi ..."

"Sikusikii vizuri. Na chaji yenyewe inaisha. Pikeni bwana, mwanangu anakuja na njaa." Akacheka. Simu ikakata, na tangu hapo haipatikani.

Usukani unatetemeka. Unajua maana yake, na mimi najua, kwa kuwa ndiyo kazi ya nati inayojifungua: gurudumu linaanza kucheza, kwanza kidogo, dereva anasingizia barabara. Wametoka hapa mpaka Muleba nalo hivyohivyo. Sasa wanarudi wakiwa wazito zaidi. Deo ataendesha polepole kwa ajili ya mshono wa Adela, na hilo ndilo tumaini langu lote. Kona za kushoto ziko ngapi kati ya Muleba na hapa? Nilizijua zote nilipokuwa nakuangukia begani.

Sikuweza kukaa. Nimempigia kijana wa bodaboda, anakuja, nasikia tayari anapanda kile kilima cha kanisa. Nimeweka kwenye mkoba jeki ndogo, spana yako ya nati, nyundo, tochi, washa moja mpya iliyobaki, na patasi. Nitawahi Kanazi nisimame barabarani kabla hawajaanza kushuka kuingia mjini. Nitawateremsha wote, mama atanisema mbele ya watu, na mtoto atanyeshewa na mvua ya kwanza ya maisha yake chini ya mgomba wa mtu tusiyemjua. Nitafungua lile gurudumu palepale matopeni. Kama ulimi umekunjwa, watanicheka mpaka nizeeke, na nitawashukuru kila watakaponicheka.

Namwona Ta Petro anaingia kwenye njia ya kibanja, na kigoda chake mwenyewe kwapani. Amekuja kumngojea mtoto. Ataanza salamu akiwa bado mbali, kama kawaida yake. Leo nitainua kiwiko, Tata. Sitasimama. Nikirudi, kama nitarudi na wote wanne, nitanawa na kuvaa nguo safi na kumfuata mpaka kwake.

Ukitaka kunipata usinitafute nyumbani, na ndotoni usije maana sitalala. Simu usiipige kwa namna yoyote mnayopiga ninyi huko. Imebaki na chaji kidogo, naitunzia Deo. Nitakuwa Kanazi, upande wa magari yanayotoka Muleba, karibu na pale tulipokuwa tunasimama kununua mananasi. Nimevaa koti lako, nimefunga vifungo vyote, ili Deo akiliona kwa mbali atoe mguu kwenye mafuta kabla hajajua kwa nini. Kama una uwezo wowote, kaa upande wa kulia wa gari, mbele, ushikilie. Ushikilie mpaka wafike nilipo.

Nikishakunja nitasema kwa sauti. Wewe sikiliza tu.

Binti yako, mshika tochi wako