Mke Wangu Alikula Mkate na Maji

Mshauri mpendwa, ninakuomba msaada nikiwa bado naweza kushika kalamu, kwa kuwa madaktari wameniambia wazi kwamba hawana tena dawa ya kunipa, na mimi niliyefundisha historia maisha yangu yote nina jambo moja na mke wangu ambalo sijui nilimalizeje.

Mwaka 1993 nilialikwa karamu rasmi katika chuo kikongwe nje ya London nilikowahi kufanya utafiti, karamu ya mishumaa na sala ya Kilatini, ambamo walimu huvaa majoho na kuketi meza ya juu, na mwaliko ulitaka suti nyeusi na tai ya kipepeo, au vazi la taifa. Mke wangu Gaudensia alikuwa ameshonewa kitenge na dada yake kule Bukoba, gauni na kilemba chake, akakipiga pasi tangu asubuhi, nami nikamwambia Tanzania haina vazi la taifa, hicho ni kitenge tu, nikamvalisha gauni jeusi la dukani lililombana mpaka akawa anapumua kwa shida, na ndani ya treni nikamkaririsha kama mtoto: uma wa nje kwanza, mkate humegwa kwa vidole, haukatwi kwa kisu, usianze kabla meza ya juu haijaanza. Mwishowe nikamwambia, "Mama Geofrey, ukikwama mtazame jirani yako. Afanyavyo, nawe fanya."

Huko mume na mke hawaketishwi pamoja. Mimi nilipelekwa meza ya juu, yeye akawekwa mwisho wa ukumbi kando ya profesa mstaafu aitwaye Albert, na kutoka kule juu nikaona supu inapita mke wangu hagusi, samaki anapita hagusi, nyama ya kondoo inapita hagusi, kila mhudumu akija yeye anainua kiganja, na kwetu mgeni anayekataa chakula cha mwenyeji ni kama amemwambia kina sumu, basi nikawaka kwa aibu. Njia nzima ya kurudi sikumsemesha. Nyumbani akaingia jikoni na koti lake mwilini, akala ndizi za jana, za baridi, amesimama, nami nikasema, "Chakula cha maprofesa kimekushinda. Kiporo ndicho saizi yako." Akamaliza ndizi, akaosha sahani. Tangu siku hiyo kila nilipoalikwa niliwaandikia kwamba mke wangu hajisikii vizuri, nikaenda peke yangu, zaidi ya miaka kumi.

Sasa mjukuu wetu Armelle anasoma chuo kilekile, mwezi ujao ana karamu yake, anaruhusiwa mgeni mmoja, naye anamtaka bibi yake. Wiki iliyopita walikuwa jikoni, mimi nimelala sebuleni ambako wamenihamishia kitanda kwa sababu ya ngazi, wakidhani nimesinzia.

"Mpeleke babu yako," Gaudensia alisema. "Yeye ndiye msomi wa kula."

"Babu hata kukaa hawezi, Bibi." Armelle hujibu kwa Kiingereza, mimi naandika kwa Kiswahili.

"Mimi nilishakwenda. Nilikula mkate na maji kama mfungwa. Babu yako aliniambia nimfuate jirani. Jirani mwenyewe, maskini, alikatwa nusu ya tumbo hospitalini. Supu, hataki, nami sitaki. Samaki, hataki, nami sitaki, na nilikuwa nimeshamwona yule samaki, mjukuu wangu. Samaki wa maana."

Wakacheka mpaka nikasikia sufuria inafurika.

"Tulipoagana akanishika mkono, akanieleza taratibu nimwelewe. Tangu augue, watu hula mbele yake huku wakimhurumia. Mimi peke yangu ndiye niliyekubali kukaa na njaa pamoja naye. Eti hajapata jirani mwenye adabu kama mimi. Laiti angejua."

"Mbona hukumwambia Babu?"

"Angenifundisha tena."

Mshauri, mwanamke huyo ndiye anayenilisha uji kwa kijiko leo, na husubiri nimeze ndipo alete kijiko kingine. Karamu ameikataa kabisa. Je, nimwambie kwamba nilisikia, au niache jambo lilale, maadamu yeye mwenyewe analicheka? Na akikubali kwenda, nimfundishe upya, safari hii kwa upole?

Mzee Laurean, Thornton Heath, 2006

JIBU

Shikamoo, mzee wangu. Pole sana kwa ugonjwa, na sasa nivumilie.

Usithubutu kumfundisha. Katika ukumbi ule mzima aliyejua adabu ni mkeo, na jirani yake wa mezani alimwambia hivyo akimshika mkono. Wewe ulikuwa juu, unahesabu uma. Umenieleza supu, samaki na kondoo, lakini hukuniambia hata kwa neno moja mama huyu anapenda kula nini. Unajua?

Usijifiche nyuma ya kicheko chake. Analicheka na mjukuu, hajalicheka na wewe. Halafu umetia jina lako halisi na mtaa unamoishi. Nadhani ulitaka gazeti liungame kwa niaba yako. Hapana. Jibu hili nakutumia kwa posta kwanza, na barua yako nitaichapa baada ya majuma mawili. Mkeo asije akasoma habari zake gazetini dukani.

Leo, akileta uji, mwombe aweke bakuli chini akae. Mwambie ulisikia. Litamke lile neno la kiporo kama ulivyolitamka, kisha useme ulikosa. Usieleze mila za Bukoba, usieleze aibu yako, usilie ili akubembeleze. Akinyamaza, nyamaza naye. Ana haki ya kunyamaza.

Kisha mwite mwanao Geofrey aje akae nawe siku ya karamu, ili mama asipate kisingizio cha kukuuguza. Armelle amwombe msimamizi wa karamu bibi aketi kando yake. Mgeni wa mwanafunzi hawezi kunyimwa hilo. Kile kitenge kitolewe sandukuni. Kama kimembana, kifumuliwe pembeni. Na kama bado hataki kwenda, asiende, wala usimsukume ili wewe ufe vizuri.

Lakini akienda, mzee, jitahidi uwe macho atakaporudi. Muulize alikula nini, na umwache asimulie mpaka kwenye samaki.