Sahar Hakwenda Mombasa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza natangaza rasmi kwa wakazi wote wa Toronto na vitongoji vyake kwamba juzi, baada ya miaka hamsini na moja ya maisha, nimefaulu kukunja sambusa isiyomwaga nyama, mke wangu Almas ni shahidi ingawa hakupiga makofi, hana muda, maana binti yetu Sahar, wa miaka tisa, aliumwa koo mwezi wa kumi, koo likapona, halafu ghafla mtoto akawa si yule, anaogopa kula, ananawa mikono mpaka inachubuka, mwandiko umerudi wa chekechea, na daktari akasema kinga ya mwili wake imekosea adui, inaushambulia ubongo, dripu ya kumsaidia ipo ila bima ya kazini kwangu imekataa kulipia.

Almas ameusoma ugonjwa huo hadi daktari humwuliza yeye. Amezitafuta familia kumi na moja zenye mtoto kama wetu, wanambana mbunge alete sheria ya kuzilazimisha bima zilipie. Na mimi, bingwa wa sambusa? Niliogopa watu wa msikitini, hapa Thornhill, watasema mtoto ana wazimu, nani atamposa, nikawaambia kaenda Mombasa kwa bibi yake. Bi Jenabai, mzee wetu wa msikitini, akaagiza aletewe mabuyu ya huko. Nikayanunua dukani North York, hapahapa Toronto, nikampa. Akasema, "Haya ndiyo mabuyu, si takataka za huku!" Sasa Almas anataka Alhamisi, baada ya majlisi, nisimame niwaombe watu saini za kumpelekea mbunge. Nitasimamaje?

Mohamedtaki, Thornhill

Bwana Mohamedtaki, pole kwa mtoto, hongera kwa mke, na wewe lazima nikuseme. Unawaza posa ya mtoto ambaye leo hajala! Bima husema ugonjwa huu ni wa nadra. Ninyi kina baba mkiwasafirisha watoto kwa mdomo, mnaithibitishia. Huenda katika safu ya nyuma yako msikitini kuna baba mwingine ambaye mtoto wake pia "yuko safarini".

Kesho nenda kwa Bi Jenabai. Akufokee mpaka achoke, kisha mwombe saini ya kwanza. Akitia yeye, nani atabaki? Alhamisi beba kalamu za kutosha. Hotuba usiandike, utajificha humo. Sema yaliyotokea tu: "Sahar hakwenda popote. Yuko nyumbani tangu mwezi wa kumi, anaumwa, bima imetukataa. Mama yake anampigania peke yake. Mimi nilikuwa hapa, nawadanganya."