Maelezo Kuhusu Visikilizio vya Sikio Moja vya Fundi Huseni

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha polisi, katikati ya jiji la Bujumbura
Tarehe na saa: Alhamisi, 14 Novemba 2002, saa nane na dakika ishirini mchana
Jina: Orlane Nizigama
Umri: Miaka 23
Kazi: Mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu, Chuo Kikuu
Makazi: Cibitoke, Bujumbura
Lugha: Kiswahili, kwa ombi la shahidi, ili mtuhumiwa asomewe maelezo haya bila mkalimani

Mimi niliyetajwa hapo juu nimefika kituoni kwa hiari yangu, bila kuitwa. Nimekuja kwa sababu mzee Huseni Massoudi, fundi wa redio wa mtaa wa Buyenzi, yuko mahabusu, na leo ni siku ya nne. Yuko humo kwa maneno yaliyotoka kinywani mwangu, nayo yalikuwa maneno ya kumsifu. Nitamsifu tena leo, safari hii kwa mpangilio.

Mnamo mwezi wa Julai mwaka huu nilinunua sokoni, kwa faranga mia tano, visikilizio vile vidogo vinavyoingia ndani ya tundu la sikio, ambavyo mjini tunaviita ekuteri. Vilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni usio na jina la kiwanda. Navitumia na redio ndogo ya mfukoni. Kila siku ya masomo natoka nyumbani kwa miguu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kabla ya kuchagua njia nasikiliza habari: barabara ipi imefungwa, mtaa upi umekesha na risasi. Sisi wa kaskazini ya jiji hatusikilizi redio kwa starehe.

Baada ya wiki mbili upande wa kulia ulikufa. Siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, nilivipeleka Buyenzi, barabara tunayoiita avenue ya kumi na tatu, kwa mzee Huseni, nikamwomba aufufue. Alivitazama, akacheka.

"We dada, unataka kuziba masikio yote mbili mu huu muji? We ni mugeni?"

Nilimjibu kwamba nimezaliwa hapa.

"Basi ujuwe. Moja ni ya redio, ingine ni ya barabara. Hii yenye ilikufa, ilikuonea huruma."

Alikikata kichwa kilichokufa, akaunganisha nyuzi ili sauti yote ifike kwenye sikio la kushoto. Waya uliobaki bila kichwa hakuukata. Alinionyesha niupitishe ndani ya shati.

"Hii uache. Mu redio ndogo, waya ndiyo antena. Ukikata utasikia makelele tu, kama mahindi inakaangwa."

Kisha alikivisha kile kichwa kizima pete nyembamba ya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, mpira aliokwisha kuuchemsha ili usinuke. Akaniamuru nikimbie hadi kwenye kona na kurudi. Nilikimbia, na makanika wa karakana ya jirani wakapiga kelele: "Yunivesite inatoroka! Mushike!" Kisikilizio hakikudondoka. Mzee alisema kwamba kazi isiyoweza kukimbia, katika miaka hii ya vita, hailipishwi.

Natamka rasmi, nikiwa mtu niliyesoma miaka kumi na sita, kwamba sijaona katika kitabu chochote fikra iliyoyajali maisha yetu kuliko ile. Waliotengeneza visikilizio hivyo ng'ambo walidhani kwamba msikilizaji yuko salama. Fundi Huseni hakudhani hivyo.

Mnamo tarehe 20 Agosti, saa moja kasoro dakika tano asubuhi, nikiwa njiani kwenda chuoni, sikio la kushoto lilisikia mtangazaji akisema njia ni shwari. Dakika hiyohiyo sikio la kulia likasikia risasi mbele yangu, mwendo wa mita mia tatu hivi. Niligeuka nikakimbia. Redio haikudanganya, ilichelewa tu. Ningekuwa nimeziba masikio yote mawili, ningeendelea kutembea. Tangu siku hiyo nilimtangaza fundi huyu darasani, na hadi mwezi uliopita wenzangu kumi na mmoja, wa kila upande wa nchi hii iliyogawanyika, walikuwa wakivaa kazi yake.

Mnamo Jumatatu, tarehe 11 Novemba, saa moja na dakika kumi asubuhi, nilisimamishwa na askari kwenye kizuizi cha barabarani.

"Simama hapo! Unaongea na nani?"

"Siongei na mutu, shefu. Ni habari."

"Habari ya sikio moja? Na hii waya yenye inaingia mu shati, inaenda wapi?"

Maneno matatu yangetosha. Mimi nilitoa hotuba. Nilimwambia kwamba aliyetengeneza kifaa kile ni bingwa, kwamba ametengeneza vingine vingi, kwamba nusu ya jiji inasikia kupitia mikono yake. Nilitaja jina, mtaa na avenue bila kuulizwa. Askari aliandika yote, akachukua visikilizio vyangu, akaniachia redio, akaniruhusu nipite. Nilikwenda zangu nikijiona mshindi wa mjadala.

(Hapa afisa ameniomba nipunguze hotuba. Nimekubali.)

Mnamo Jumatano, tarehe 13, saa tisa alasiri, nilikwenda Buyenzi kuagiza vingine. Nilikuta karakana imefungwa. Mkewe, mama Khadidja, alinieleza kwamba mumewe alichukuliwa Jumatatu kabla ya adhuhuri, pamoja na kopo la maziwa lenye vichwa thelathini na viwili vya visikilizio, na kwamba waliomchukua walisema anatengeneza vifaa vya kijasusi na kuna msichana wa chuo aliyemtaja. Nilimwambia kwamba msichana huyo ni mimi. Nilianza kulia. Alinikatiza.

"Apana kulia hapa. Muzee ana miaka sitini na ine, anafunga, na dawa yake ya presha iko hapa ndani. Mudomo yako ndiyo ilimupeleka kule. Iende imurudishe."

Alinipa dawa hiyo. Nimeikabidhi mezani nilipoingia.

Kuhusu lile kopo: vichwa vilivyomo ni vile alivyokata kwa wateja wake, vichwa vilivyokufa. Hakuna jasusi anayekusanya vifaa visivyosema. Naomba kila kimoja kipimwe kwa redio yangu, hii hapa, kisha afisa avae mwenyewe kile kilichochukuliwa kwangu.

Afisa ameniuliza: "Mademoiselle, unanipa amri mu biro yangu?" Nimejibu kwamba ofisi ni yake, na hili ni ombi. Hakucheka, lakini amevuta kiti karibu.

Kama katika jambo hili kuna kosa, ni la aliyesema mno mbele ya mtu mwenye kalamu, na mtu huyo si mzee Huseni. Naishia hapa. Nimesomewa niliyoyasema, nimeyatambua kuwa yangu, na sitaki neno lolote lifutwe.

Sahihi ya shahidi: O. Nizigama

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi kama yalivyotamkwa, isipokuwa pale nilipoomba ufupi. Mtuhumiwa ameletwa, amekunywa dawa baada ya kubishana nami kuhusu saumu, na ameunganisha vichwa vyote thelathini na viwili kwenye redio, kimoja baada ya kingine, mbele yangu. Hakuna kilichotoa sauti. Kisha nimevaa kisikilizio cha shahidi kwa dakika ishirini. Nimesikia matangazo ya vifo na hali ya barabara. Wakati huohuo, kwa sikio la pili, nimesikia kila neno lililosemwa ukumbini, hata yale ambayo vijana wangu walidhani siyasikii.

Sijaona kosa. Mtuhumiwa ameachiwa saa kumi na moja na dakika tano jioni, akiwa na kopo lake. Nimempa gari la kituo limfikishe Buyenzi kabla ya magharibi. Amelikataa. Amesema mtaa mzima ulimwona akipakiwa garini, na sasa lazima umwone akirudi kwa miguu.

Herménégilde Barutwanayo, afisa mpelelezi