Rangi za Msiba Kwenye Viti vya Harusi

Bantama, Kumasi
Jumanne jioni

Kwako mpwa wangu Yaw Ntiamoah,

Nakusalimu salamu nyingi kuliko viti vyangu vyote. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Accra, unakula na kulala. Sisi hapa wazima, na mimi hasa ni mzima. Akikuuliza mtu, mwambie hivyo, nawe ujiulize kwa nini nimelirudia.

Kazi yangu unaijua. Hakuna harusi mjini hapa ambayo watu hawakukalia viti vya Asiamah. Ile ya Suame viti vilianzia kanisani vikaishia mtaa wa pili, bibi harusi akapanda pikipiki kwenda kusalimia wageni wa nyuma. Kwa hiyo uliponiambia biashara kubwa hivi inahitaji tovuti, nilikubali, ukamleta yule fundi wako, Dzifa.

Nilimshuku tangu siku ya kwanza. Nilitaka rangi zote za upinde wa mvua, mteja ajichagulie. Akakataa. Akasema mjomba, rangi mbili zinatosha, kitufe cha kuagizia ndicho king'ae peke yake ili jicho lijue pa kwenda, na maandishi yasomeke juani kwenye simu ndogo. Nikajiuliza, mtu anayeninyima rangi za bure katumwa na nani? Kumbe, akasema, rangi ulishamchagulia wewe Yaw: nyeusi na nyekundu, kama maduka makubwa ya ng'ambo. Nikazitazama. Juu ya picha ya viti vyeupe zilipendeza.

Tovuti ikafunguliwa Ijumaa. Kesho yake asubuhi Maame Fosua, muuza ugali wetu wa kenkey, akaingia langoni kajifunga kitambaa chekundu, analia. Nilikuwa nyuma ya mlundo wa viti, nikamsikia akimwambia mke wangu: pole mwenzangu, mwongo alikuwa mwongo, lakini mkarimu. Nikatoka nikamuuliza nani mwongo. Alikimbia, ndala moja ikabaki uani!

Hadi mchana ua ulijaa nguo nyekundu na nyeusi za msiba, watu wanaomboleza wamekalia viti vyangu mwenyewe. Wengine waliponiona walikasirika, eti wamefunga duka bure. Na wale wenye harusi ya wiki hii wakaenda kukodi kwingine, wakisema wageni wao hawatakalia viti vya marehemu.

Wote walikuwa wameiona tovuti: uso wangu mkubwa katikati, nyekundu na nyeusi pande zote. Bango la msiba kabisa, kama yaliyobandikwa kila ukuta wa Kumasi, limekosa tarehe ya mazishi tu.

Hapo nikakuwaza wewe. Kwa desturi yetu viti hivi havirithiwi na wanangu, unavirithi wewe, mtoto wa dada yangu. Nikasema, kijana ana haraka, ananizika nikiwa bado natafuna. Nikapeleka ujumbe kwa mkuu wa ukoo kwamba Jumapili wazee waketi, nitaje mrithi mwingine.

Jana mama yako alikuja kashika kiuno. Akaniambia kaka, leo utasikiliza. Akasema Jumamosi ulipopigiwa simu kwamba nimekufa, ulipanda gari na nguo za kazini, ukalia hadi Nkawkaw, nusu ya njia, abiria wakakushika mikono. Huko ndiko alikokupata kwa simu akakwambia mjomba wako mzima, anagombana na waombolezaji. Ukageuza njia kwa aibu ya rangi zako. Kuhusu viti hukuuliza hata kimoja.

Nimetafuta pa kushuku hapo, nimepakosa. Ingawa bado nataka kujua, mtu anafikaje Nkawkaw asimalizie safari?

Sasa hili usimwambie mama yako. Dzifa aliweka picha ya viti. Alhamisi nilimpigia simu nikamlazimisha aiondoe, aweke uso wangu, ujae ukurasa. Alinionya, mjomba, kwa rangi hizi uso hautafaa. Nikamjibu kwamba uso huu unapendezesha rangi yoyote.

Jumapili wazee wataketi kama nilivyoomba, ila jina watakalolisikia ni lako. Njoo, na Nkawkaw usishuke. Dzifa anatungoja tuchague upya: mimi nasema nyeupe na buluu, kitufe cha manjano, viti mbele. Uso wangu uwe mdogo, chini kabisa, unacheka, meno yaonekane.

Mama yako anakusalimu. Maame Fosua anadai ndala yake.

Ni mimi mjomba wako, ninayepumua,
Kofi Asiamah