Mama Yake Ameniuliza Tulimwitaje

Mama Domitille, nakuandikia kuomba ushauri kwa sababu kusema mbele ya watu siwezi, na sasa nimetakiwa niseme. Mwenzetu wa darasa, Sadrack, alifariki kwao Kasulo, shimo la madini walilochimba ndani ya ua wao lilimwangukia, tulikuwa tumetoka tu kumaliza mtihani wa taifa na matokeo hayajatoka mpaka leo, na Jumamosi ni siku ya kumaliza kilio, na mama yake, Mama Kapinga, amenichagua mimi nizungumze kwa niaba ya darasa, eti nina heshima. Kisha akanishika mkono: “Mwana yangu, ku masomo mulikuwa munamwitaka jina gani?” Nikauvuta mkono wangu, nikaaga. Tulimwita Sireni, kama king'ora cha mgodi kinachoita watu kazini, maana saa ya kutoka ikikaribia, mwalimu ameshafunga mkoba na sisi tunamwomba Mungu amsahaulishe kazi za nyumbani, Sadrack anainua mkono: “Mwalimu, unasahau kukamata badevoir yetu!” na wavulana wanamzomea: “Sireni inalia! Bafundi, ku kazi!” Hata mimi nilimchukia, Mama, kwa sababu yeye alikuwa anatoka shimoni na kazi yake ya nyumbani imekamilika, na mimi nimekaa kwetu Kapata bila shida yoyote na sijafanya. Sasa Stany na wale wavulana wa darasa wanataka kulia kama sireni siku hiyo, maana kwetu marafiki wanaruhusiwa kumtania marehemu kilio kikiisha, nami naogopa mama yake ataona tulimdharau mtoto wake. Nimwambie, au nimfiche?

Noëlla

Noëlla, mwanangu, pole. Lakini Mama Kapinga si yai. Yeye ndiye aliyeishi na huyo Sireni nyumbani, unadhani hakumchosha? Amekuuliza kwa sababu anamtafuta mtoto wake mahali ambapo yeye hakuwahi kuingia, nawe ukamfungia mlango kwa aibu yako. Kwa hilo nakugombeza.

Utani wa kilio ni halali, ila mama wa marehemu hashtukizwi. Nenda kwake kesho, peke yako, msaidie kuosha vyombo, halafu umwambie jina, na sababu ya jina, na hasira yako pia. Usimpambe Sadrack. Mama akicheka, akilia, kaa hapo hapo, usikimbie. Na hayo hayo ndiyo utakayosema Jumamosi, hata kwa sauti ndogo. Watu wa kilio wanajua kusikiliza.

Mwisho muulize kama anataka kuisikia hiyo sireni. Akikataa, Stany afunge kinywa. Akikubali, walie mara moja, kwa nguvu, nawe usimame karibu naye umshike mkono.