Sale niliipokea, lakini msumeno bado hauna kinga

Mpendwa mshauri, kwanza unisamehe kwa kuchelewa hivi kukuandikia, maana jambo lenyewe ni la mwezi wa nane mwaka jana na sasa tunakaribia wa saba, ila mkono wangu wa kulia ulipoteza kidole cha shahada na cha kati, ikanibidi nijifunze upya kuandika kwa kushoto huku mtoto akinivuta kalamu, na sababu ya pili ni kwamba niliambiwa nisiliseme tena. Ukichapisha, naomba ubadilishe majina yetu.

Nina miaka ishirini na mitatu, nimemaliza darasa la saba, ninakaa juu ya Kwa Sadala na mume wangu Ebenezeri na mtoto wetu mmoja, Elizabeth. Kijiji kilianzisha karakana ya madawati, kwa sababu watoto wote sasa wanatakiwa shuleni na nusu yao wanakaa chini, tukaambiwa na wanawake tujifunze useremala, nami nikajiandikisha kwa furaha kwani tangu utoto napenda harufu ya mbao. Mkuu wa karakana ni kaka wa mume wangu, shemeji Aminieli. Kuna msumeno wa duara unaozungushwa na injini ya dizeli, ulikuja na kinga yake ya bati, lakini wiki ya kwanza tu Aminieli aliifungua akisema inachelewesha kazi, na tangu hapo wameigeuza chombo cha kuwekea misumari.

Mwalimu aliyekuja siku mbili kutoka Moshi alitufundisha kusukuma ubao kwa kijiti, nikachonga changu. Aminieli akakishika mbele ya wote, akasema, "Shemeji, kijiti ni cha kuchungia mbuzi, na sisi huku hata mbuzi hatuchungi, tunawakatia majani. Ubao unasukumwa na mkono wa fundi." Wakacheka, na mimi nikacheka, nikakiweka kando.

Haikupita wiki. Mtoto alikuwa anaota meno, sikuwa nimelala, nikasukuma kipande kifupi cha ubao wa mgrevilea ambacho kilikuwa kibichi bado, kikaubana msumeno kikaruka nyuma, na mkono uliokuwa unakisukuma ukaendelea mbele. Sikusikia maumivu, nilisikia injini imebadili sauti kama mtu anayekohoa, ndipo nikatazama mezani.

Nilipotoka hospitali Aminieli alikuja na baba mkwe, ameshika jani la sale. Kama hujui, mshauri, kwetu mtu akikujia na sale anaomba msamaha, na huwezi kukataa hata kama amekukosea kosa gani. Alipiga magoti akalia, niliona analia kweli, nikalipokea lile jani, na nilimsamehe kweli, sina unafiki katika hilo. Baba mkwe akasema, "Mama Elizabeth, limekwisha. Atakayelirudia anajitafutia laana."

Lakini msumeno ule unazunguka mpaka leo bila kinga. Na Jumatatu ya pili ya mwezi wa saba wanaanza wanawake wapya sita, mmoja ni mdogo wangu Veronika, nimemlea mwenyewe mgongoni. Juzi Aminieli alikuja nyumbani, nikampa maziwa ya mgando, akanywa, akafuta mdomo, akasema, "Shemeji, siku hiyo uje uwakaribishe. Wanaogopa kwa habari yako. Waambie ilikuwa bahati mbaya, ulikuwa umechoka na mtoto."

Nikamwuliza, "Na kinga?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Kwani hatukumaliza?"

Nikamtazama mume wangu. Ebenezeri akasema ng'ombe hajapewa majani, akatoka.

Sasa nikisema ukweli nitakuwa nimeivunja sale na ukoo mzima utasema nina kinyongo, na nikinyamaza Veronika ataweka mkono palepale nilipoweka wangu. Nimechoka kuwaza. Hata vifungo vya nguo ya mtoto navifunga kwa kubahatisha, halafu naambiwa niende nikaseme ni uchovu wangu. Nifanye nini?

Ninavyohitaji kutumiwa, kama inawezekana, ni hivi: mchoro wa kinga ya msumeno ambao fundi bati anaweza kuuiga, vipimo vya kijiti cha kusukumia, maelezo ya kuwafundisha wanaoanza, kwa herufi kubwa, maana wawili wanasoma kwa shida, na miwani ya kazi sita, hata iliyotumika. Glavu usitume. Zina vidole vitano.

Elinipendo, Mama Elizabeth

JIBU

Mama Elizabeth, pole sana. Majina nimeyabadilisha kama ulivyotaka, na nakala ya jibu hili nimeitia posta ili ikufikie kabla ya Jumatatu hiyo. Mwandiko wako wa kushoto unasomeka kuliko wa makarani wengi ninaowajua.

Sasa nikugombeze. Umekaa karibu mwaka mzima, na kila siku ya kazi katika mwaka huo kuna mtu ameweka mkono wake mbele ya msumeno ule. Hajakatwa. Hiyo ni bahati, na bahati haifungwi kwa skrubu.

Mimi ni mzaliwa wa Kibosho, sale naijua. Sale huombea kosa lililokwisha kufanyika. Hakuna mzee aliyenifundisha kwamba inaombea na kosa la wiki ijayo. Aminieli aliomba msamaha kwa vidole vyako viwili, ukampa, na usimnyang'anye. Vidole vya Veronika hajaviombea. Tena nikuulize, nani kati yenu analirudia jambo lililokwisha? Ni yeye aliyekuja kunywa maziwa yako na kukutuma ukalisimulie upya kwa uongo.

Na wewe ulikiacha kijiti kwa kuogopa kuchekwa. Sikulaumu kwa yaliyokupata, ila hilo uwaambie wanaoanza kabla ya lingine lolote, kwamba watachekwa, na waendelee kukishika.

Wanaoanza hawaanzii kwenye mashine. Miezi mitatu ya kwanza ni msumeno wa mkono, randa na patasi. Ubao ubanwe kwenye jiliwa, usikanyagwe kwa mguu kama mnavyopasua kuni. Kwenye patasi mikono yote miwili ikae nyuma ya makali, na patasi inolewe kila asubuhi. Iliyo butu ndiyo inayoteleza, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu za hasira. Atakayefika kwenye msumeno wa duara asimame pembeni, asisimame nyuma yake, maana kipande kikirudi kinarudi tumboni. Kijiti kiwe na urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, mwishoni kikatwe pengo la kushika ubao. Ubao mfupi kuliko kijiti haupiti kwenye mashine, unakatwa kwa mkono. Mbao mbichi zikaushwe kwanza. Unga wa mbao haufagiliwi injini ikiwaka, hata kidogo. Kanga zote zifungwe ncha ndani, na mtoto asibebwe mgongoni karakanani, najua mnavyofanya. Aliyekesha na mtoto apewe kupiga msasa siku hiyo, na asiitwe mvivu.

Kuhusu glavu umesema kweli, ila kuna sababu nyingine: msumeno ukikamata glavu unaivuta na mkono uliomo. Mwenye vidole vyote naye asivae.

Mchoro na vipimo vimo ndani ya bahasha, pamoja na maelezo ya herufi kubwa. Miwani sijapata, iombeni kwa kijiji, na asiye nayo asikate.

Ukishasoma haya, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na huo mchoro. Nenda na mume wako. Mwambie Ebenezeri ng'ombe atasubiri. Mwombeni mwenyekiti kinga irudishwe kabla ya Jumatatu, na akisitasita mwambieni kwa adabu kwamba mtamwandikia mkaguzi wa viwanda, kisha mwandikeni kweli, msiishie kutisha.

Jumatatu yenyewe fika kabla injini haijawashwa. Weka mkono wako wa kulia juu ya meza ya msumeno, hao sita wauone, uwaeleze kinga ilikuwa wapi, kijiti kilikuwa wapi, na ubao ulikuwa mbichi kiasi gani. Jina la mtu usilitaje. Halina kazi hapo. Baba mkwe akikuita baadaye, mwamkie, keti, umwambie: "Baba, Aminieli nilimsamehe na msamaha uko palepale. Niliyoyasema ni ya msumeno, na msumeno haukuja na sale."

Na kama utakuta kinga haijafungwa asubuhi hiyo, usibishane na mtu. Mshike Veronika mkono, mrudi nyumbani.