Ukuta wa Nyuma wa Nyumba ya Babu

Jumanne, Shanwe

Basi umeanguka, ule ukuta wa nyuma. Mvua za wiki hii ziliulainisha udongo, na leo mchana ukalala wote uani. Kwa vile nyumba ya babu inalindwa kisheria, tulikatazwa hata kuziba nyufa bila kibali. Kibali chenyewe tunakisubiri tangu mwaka jana.

Ofisa wa mambo ya kale alikuja akapiga picha.

"Msiguse kitu, mama."

"Baba, kimebaki nini cha kugusa?" Mama akamjibu.

Nimemleta kwangu. Hajala. Sidhani kama ile nyumba itasimama tena, na mimi sina nguvu ya kufuatilia…

Tulipokuwa tunaondoka, Mama alifunga mlango wa mbele kwa ufunguo, akausukuma kuhakikisha. Mbuzi walishaingia kwa nyuma. Sikumwambia.